Mbega Aliyempiga Bibi Yake

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wakila sinia moja, Mbega kijana alimwona bibi yake akijishika koo katikati ya karamu ya zambarau. Kokwa ilikuwa imemkwama, na hakuweza kukohoa wala kutoa sauti.

"Mpeni maji," alisema Kobe, mkuu wa adabu.

"Pumzi yenyewe haipiti, babu, maji yatapita wapi?" Mbega alimwinamisha bibi mbele na kumpiga kwa kiganja katikati ya mabega.

"Laana hiyo! Mzee hapigwi!" Kobe alifoka.

Mbega alipiga mara tano, kokwa ikagoma. Akamkumbatia bibi kwa nyuma, akaweka ngumi juu kidogo ya kitovu, akaivuta ndani na juu kwa nguvu. Mara ya tatu kokwa ikaruka, ikamgonga Kobe puani.

Bibi alivuta pumzi ndefu. "Kobe, huyu alipokwamwa akiwa mchanga nami nilimpiga mgongoni hivyohivyo, nimemlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini. Ila tumbo sikumbana, maana kichanga habanwi tumbo. Mbona siku ile hukunikemea?"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Bibi alikula zambarau misimu tisa mingine kabla ya kufa kwa uzee, na hadi leo Mbega huikumbuka misimu hiyo mmoja mmoja.