Yakipata Moto

Siku hizi Njombe kila kaya hupeleka kituoni mafuta yaliyobaki ya kukaangia, yatengenezwe dizeli ya gari la wagonjwa la mtaa. Mpimaji huyapitisha kwenye faneli mbele ya foleni nzima. Ya alizeti huchuruzika upesi, watu wakapiga makofi. Mazito hurudishwa, maana huganda kwenye baridi, na mtaa mzima ukajua nani anakaangia mafuta ya mgando ya bei rahisi.

Ezelina hukaangia ya mgando. Jumamosi aliyapasha moto, akafunika chupa kwa kanga, akawahi foleni. Yakashuka kama maji.

“Hongera, mama! Haya yanaingia moja kwa moja kwenye dizeli ya gari,” mpimaji alisema. Jirani wa Ezelina, Vumilia, mwenye mimba pevu, alimpigia makofi kuliko wote.

Jumatatu alfajiri kulikuwa na sakitu, baridi iliyogandisha umande majanini. Vumilia alipandishwa garini akiugulia uchungu. Gari likakohoa, likazima.

“Sijui lina nini,” dereva alisema.

Ezelina alitoka mbio na birika, akamwagia bomba la mafuta maji ya moto. Gari likawaka.

“Umejuaje, mama?” dereva akauliza.

Ezelina alinyoosha mkono amshike Vumilia, naye Vumilia akauvuta wake polepole, akauficha ndani ya kanga.