Soketi ya Kwenye Buti

Soketi aliyofungiwa mshonaji kwenye buti ya gari lake ilikuwa inakata umeme kila injini ilipozimwa. Alirudi gereji Jumanne asubuhi, akaegesha, akafungua buti, akasimama pembeni.

Fundi umeme hakuhitaji hata kuchungulia.

"Hiyo siyo mbovu, ndugu yangu. Ndivyo nilivyoifunga."

"Nilikuambia nataka iwake saa zote."

"Uliniambia. Na mimi nikakusaidia." Fundi alicheka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Ningekusikiliza, leo ungefika hapa unasukuma gari, betri imekwisha, na matusi yote yangu."

Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Kuna mteja aliwahi kumtukana mbele ya gereji nzima kwa sababu ya betri iliyoishiwa. Tangu siku hiyo kila soketi aliyofunga aliipitishia kwenye swichi ya funguo: gari likizimwa, na yenyewe inazimika. Hakuwa anabishana na wateja. Alikuwa anaitikia "sawa, bosi," kisha anafunga anavyojua yeye.

"Mimi mteja akitaka mfuko uwe ndani," mshonaji alisema, "siuweki nje eti kwa sababu najua zaidi."

"Suruali haina betri, bwana!"

Mpiga rangi aliyekuwa kwenye gari la jirani akaangua kicheko. Fundi akanogewa.

"Kwani unapoza nini humo? Soda za harusi?"

"Nilikuambia hilo vilevile. Ni mashine ya oksijeni. Ya mtoto."

Fundi aliacha kucheka. Sasa alikumbuka. Mashine yenyewe ukubwa wa sanduku la nguo, mpira mwembamba ukipita juu ya kiti cha nyuma, na msichana mwenye maneno mengi kuliko kilo. Siku ile alimwita fundi "babu," ingawa fundi hana mvi hata moja. "Babu, ukimaliza hapo na mimi nifungie taa." Na baba yake alikuwa amesema wazi, tena mara mbili, kwamba bila mashine hawezi kukaa hata dakika tano.

"Kliniki iko ng'ambo," mshonaji alisema. "Kwenye kivuko wanaamuru magari yote yazimwe. Nikazima. Mtoto alikuwa amelala. Mimi na mama yake tukashuka taratibu tusimwamshe, tukasimama ukingoni tunaangalia maji."

"Lakini mashine si inalia ikikosa umeme?"

"Inalia. Injini ya kivuko inalia zaidi."

"Mkagundua?" fundi aliuliza.

"Tuligundua."

"Afadhali. Afadhali, jamani!" Alijikalisha kwenye ukingo wa buti kama mtu aliyetua mzigo. "Nisamehe, kaka. Nimekosa, tena sana. Nipe saa moja, na usiniulize bei."

Alifanya kazi kama mtu anayefunga umeme wa nyumba yake mwenyewe. Alibandua plastiki za pembeni, akainua zulia, akavuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi nyuma. Safari hii funguo aliziruka. Aliweka fyuzi jirani na betri, na kila mahali waya ulipopita kwenye bati aliuvisha mpira usije ukakwanguka. Mpiga rangi alipomtania, aliendelea kuvuta waya.

Mshonaji alikaa juu ya tairi kuukuu, macho kwenye mikono ya fundi. Hakuuliza kuhusu muda. Aliuliza kama sanduku la mashine likigonga soketi haitachomoka. Fundi akaishika, akaivuta kwa nguvu zote. Haikutikisika.

"Na yule mtundu wangu?" fundi aliuliza akiwa amelala chali chini ya usukani. "Mwambie babu yake bado anadaiwa ile taa, atakuja kumfungia."

"Hiyo skrubu ya hapo kushoto," mshonaji alisema, "naona haijakaza."

Fundi akaikaza.

Walipomaliza, injini ilizimwa, funguo zikaingia mfukoni mwa mshonaji. Fundi alichomeka taa kwenye soketi. Ikawaka. Wakakaa wanaitazama nusu saa nzima, watu wazima wawili mbele ya buti, na haikufifia hata mara moja.

"Betri hii itabeba ile mashine saa mbili gari likiwa limezimwa," fundi alisema. "Zikipita hizo, washa injini."

Mshonaji alitoa karatasi na kalamu. "Yaandike hayo. Kwa herufi kubwa."

"Kwani utasahau?"

"Mimi sisahau. Ni ya mama mmoja tuliyekuwa tunakutana naye pale kliniki. Mwanawe anatumia mashine ya aina hii hii, na yake imeharibika. Kesho nampelekea gari na mashine."

Fundi aliandika akiwa ameinamia boneti. Katikati ya neno kalamu ikasimama.

"Sasa yule wetu atasafiri na nini?"

Mshonaji aliichukua karatasi, akaisoma yote, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Kivuko kinachukua dakika ishirini na tano, fundi. Mlango wa gari tuliufungua dakika ya kumi na tisa. Alikuwa na miaka sita na miezi miwili."