Kiwanda cha Sebuleni

Sheria ilipotamka kwamba nyumba inayosindika mazao haitozwi kodi, Gervas Mkitu wa Singida alifunga mashine ya kukamua alizeti sebuleni, akatoa nje kitanda cha mama yake ili kupisha magunia, na kuanzia siku hiyo akataka mkewe amwite Mkurugenzi. Perpetua aliendelea kumwita Gervas.

Mkaguzi wa kodi alikuja asubuhi moja, mtu nadhifu asiyevua viatu mlangoni. Aliikagua mashine, akaridhika, kisha akamwona Bibi Nyamwi ameketi juu ya gunia.

"Huyu anafanya kazi gani?"

"Ni mama yangu," Gervas alisema.

"Nimeuliza kazi. Kiwandani hakuna wakazi, kuna wafanyakazi tu. Asiyezalisha akikutwa humu, msamaha wa kodi unafutwa."

Gervas alimgeukia mama yake, akalainisha sauti. "Mama, si ungekwenda kwa Dada kwanza, hata kwa muda?"

Bibi Nyamwi aliinuka juu ya gunia. Alianza kutafuta viatu vyake.

Perpetua alizima mashine. "Mwanamume mzima," alisema taratibu, "umemuuza mama yako kwa mashudu." Akamshika mama mkwe wake mkono, wakatoka.

Mkaguzi alibofya kishikwambi chake. "Sasa umepungukiwa mfanyakazi mmoja. Usijali, kesho ofisi itakuletea mke mwingine."

Gervas aliwatazama wanawake wale wakiishia barabarani, kisha akawasha mashine.

"Huyo wa kesho," aliuliza, "anajua kupika?"