Duara la Mestre Lousada

Siku msanifu majengo Adérito Lousada alipochora duara kisha akapiga mistari juu yake, Graça, msaidizi wake wa miaka mingi, alilia kwa furaha.

"Mwanga!" alisema. "Jamani, ametuletea mwanga!"

Mestre, yaani Fundi Mkuu, kama walivyomwita wote, alikuwa amelazwa hospitalini mjini Porto. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na upande mzima wa kulia, akabaki na mkono wa kushoto tu. Huku ofisini maji yalikuwa shingoni. Shindano la kusanifu kanisa dogo la kuagia wafu lilikaribia mwisho, na wasiposhinda, ofisi inafungwa na watu wazima wanaanza kutafuta kazi upya.

Sasa, mtu asiwacheke. Ndivyo walivyofunzwa. Maisha yake yote Mestre alibuni majengo mgahawani, kwenye karatasi ya kufunikia meza, kati ya supu ya kabichi na samaki. Anavuta mistari michache, anawasukumia karatasi, anaendelea kula. Ole wako umwulize maana yake! "Tazama," atakujibu, na wiki nzima hakusemeshi. Kutoka kwenye mistari hiyo walitoa shule, soko na maktaba. Tibério, mwananadharia wa ofisi, alitoa hata kitabu kinene kueleza jinsi wazo linavyozaliwa kabla ya neno. Kilisomwa na Graça.

Basi walimpelekea karatasi zilezile za mgahawa, na Graça akamsihi nesi aiache taa ya juu ya kitanda iwake mchana na usiku. Wazo halipigi hodi.

Mchoro wa kwanza ulikuwa mstatili, na duara juu yake.

"Jeneza, na tundu kwenye paa," alisema Tibério.

Wakaenda, wakarudi na mfano wa kadibodi. Mestre aliutazama, akafumba macho, chozi likamtoka.

"Umemgusa," alisema Graça.

Halafu ndipo likaja lile duara lenye mistari. Halafu jingine, limekatwakatwa mpaka karatasi ikachanika. Tibério aliipokea kwa mikono miwili.

"Kachana makusudi. Hataki kioo. Tundu libaki wazi, mvua iingie."

"Iwanyeshee wafiwa?" aliuliza Dona Ermelinda, dada wa mgonjwa, kijiko cha supu mkononi. "Nyie wanangu mna akili timamu? Hebu mwoneni, macho mekundu kama pilipili. Kaka yangu halali!"

"Anaumba, Dona Ermelinda."

"Anaumba nini, na nyie mmemkalia kichwani? Si mumwulize anataka nini!"

Walimwonea huruma. Mtu unaweza kuzaliwa tumbo moja na msanii na usiambulie kitu.

Mestre aliinua kidole kwa taabu, akaonyesha juu.

"Paa liende juu zaidi," alisema Graça, na Tibério akaandika.

Walishinda. Jopo la majaji lilisema halijaona jengo lenye uthubutu wa namna ile: kuta za zege, giza tupu, na tundu moja la duara linalomwaga mwanga wote mahali pa jeneza. Ofisi ikapona, kazi zikamiminika, Tibério akaanza kitabu cha pili.

Siku ya uzinduzi alikuja askofu, akaja meya, wakaja waandishi wa habari. Mestre aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Kwa heshima walimweka katikati kabisa, chini ya tundu, jua la mchana likimpiga usoni. Miezi ya mazoezi ilikuwa imemrudishia maneno mawili matatu, ingawa bado hakupenda kuyatumia.

"Mestre," aliuliza mwandishi mmoja, "hujawahi kueleza kazi yako hata siku moja. Hili duara, ulikuwa unatuambia nini?"

"Mestre haelezi," Graça alimkatiza. "Tazama tu."

Lakini mzee alifungua kinywa. Tibério akatoa kalamu.

Mestre alijikinga macho kwa mkono wa kushoto.

"Nilikuwa nawaomba," alisema, neno moja moja, "mzime taa."