Kidole Juu ya Nukta

Naandika kitabu cha maisha yangu, na mjukuu wangu ameirekebisha kompyuta yake inisaidie kusahihisha. Kila nikibonyeza nukta, inasoma sentensi nzima kwa sauti. "Bibi, kosa likipita machoni, sikio litalikamata," aliniambia.

Hakufikiria kwamba babu yake angesogeza kiti.

Mume wangu ni mpeleka barua mstaafu. Macho yamechoka, lakini masikio anayo ya popo. Tangu asubuhi amekaa ubavuni kwangu, anatikisa mguu na kucheka, hasa nikimsifia.

"Hapo nilipokuja kuposa na baiskeli umepapamba, bibie! Endelea."

Nikaendelea, na vidole vikaitangulia akili. Sasa kwenye kioo pameandikwa: Barua ya kuniita sekondari niliikuta mfukoni mwa koti lake la posta, imefunguliwa, miaka mitatu baada ya kunioa

Nukta bado. Sentensi hiyo nimekaa nayo miaka arobaini na saba, nikimpikia, nikimzalia, nikimfulia lile lile koti.

Kidole changu kiko juu ya kitufe cha nukta, kidogo kama punje ya mtama, kina doa la chai. Cha kufuta kiko pale juu, si mbali.

"Mbona kimya? Umekwama?"

"Nimekwama siku nyingi, mzee wangu."

"Basi weka nukta, tusikie."

Mwenyewe kasema. Nikabonyeza.

"Barua," mashine ikaanza, kwa sauti tamu ya mtangazaji, na ule mguu ukaacha kutikisika.