Picha Iliyokatazwa Masanze

"Yeyote atakayeigusa kamera hiyo," alisema Deogratias akiteremka kwenye pikipiki, "ajue amegombana na ukoo mzima."

Gaudiosa hakugeuka mara moja. Alimalizia kukaza mguu wa tatu wa stendi kwenye udongo mkavu mbele ya kanisa, akapuliza vumbi kwenye lenzi, ndipo akasimama wima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Deogratias akaitikia, maana hasira haikatai salamu. Kisha akakunja uso upya. "Kaka amenituma."

Kaka yake alikuwa Mzee Melkizedek, mkulima ambaye miaka mitatu iliyopita ng'ombe waliingia kwenye mahindi yake wakala hadi mabua. Tangu hapo aliapa kwamba mfugaji hatakanyaga uani kwake, sembuse kumwoa binti yake. Alipoona binti hasikii, aliwazungukia wapiga picha wa Kilosa mmoja mmoja. Atakayepiga picha za harusi ile asahau kazi zote za ukoo wao, ziwe za ubatizo, kipaimara au msiba. Wote wakarudisha kamera kabatini. Akabaki Gaudiosa peke yake, mwenye studio ndogo kule Mikumi, kando ya barabara kuu. Na Gaudiosa alikuja.

"Ndoa imeshafungwa, hilo mchungaji atajibu mwenyewe kwa Mungu," Deogratias aliendelea. "Lakini ndoa isiyo na picha, mwakani tutasema haikuwepo. Nani atatubishia?"

"Mimi."

"Wewe!" Alicheka bila furaha. "Kaka amesema picha hiyo haitaingia nyumbani kwake."

"Mwambie haitaingia. Nitaichapa kubwa kama mlango, niitundike kwenye kioo cha studio. Kila basi la Iringa litaiona. Na yeye, siku akija Mikumi kununua dawa ya mahindi, ataiona."

Deogratias akajongea hadi ubavuni mwa kamera, akakunja mikono kifuani kama mlinzi wa ghala.

"Basi mimi nipo hapa. Tuone ni kidole cha nani kitabonyeza."

"Kaa, baba. Ila usizibe lenzi."

Jua lilikuwa limesimama utosini. Gaudiosa alitembea kwa hatua fupi fupi hadi kwenye ngazi za kanisa, akiwa ndani ya koti lake la kazi la kijivu, refu hadi miguuni, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Akaanza kuwapanga watu. Bwana harusi, Sironga, alikuwa katikati, suti ikimbana mabega. Kuliani kwake alisimama mama yake, Naisenya, shanga zimemjaa kifuani, na nyuma yake shangazi na binamu waliotembea tangu alfajiri kutoka mabondeni.

Kushoto hapakuwa na mtu. Mchungaji Yared, aliyekuwa bado na joho la ibada, alilitazama lile pengo, akakohoa.

"Tuwasogeze wengine huku, Gaudiosa? Pazibike kidogo."

"Hapana, mchungaji. Wasiokuja waonekane kwamba hawakuja."

Akamwita Seleina, dada yake Sironga, asimame kwa muda mahali pa bibi harusi ili lenzi ipate mahali pa kulenga. Seleina akachukua shada la maua, akasimama ukingoni mwa lile pengo, akijizuia kucheka.

Gaudiosa akatoa simu mfukoni, akafungua programu ya kuiongoza kamera kutoka mbali na kusubiri. Taa ndogo ya buluu juu ya kamera ikapepesa. Mara kioo cha simu kikawaonyesha wote, kuanzia shanga za Naisenya na suti iliyobana hadi ukuta wa kanisa uliomenyeka chokaa. Akagusa uso wa Seleina kwa kidole gumba. Kisanduku cha kijani kikaukamata. Hatua kumi na mbili kutoka pale, bila mkono wa mtu, lenzi ikajizungusha na kutulia.

Deogratias aliisikia ikijizungusha. Akaikodolea macho, kisha akautazama ule mkono wake mwenyewe, kana kwamba alihofia ndio uliofanya kosa.

"Mwanangu," Naisenya alimwambia Gaudiosa kwa sauti ya chini, "jua litakuchoma. Lifungue hilo koti."

"Bado kidogo, mama."

"Unatokwa jasho."

"Litakauka, ila sitoki hapa."

Alivuta pumzi, akawatazama wote kwa mara ya mwisho. Watoto wakaacha kusukumana. Shangazi mmoja akajifuta jasho, mwingine akaweka sawa lubega.

"Asante, Seleina. Tupishe sasa."

Seleina akampa maua, akahamia nyuma ya mama yake. Gaudiosa akaificha simu ndani ya shada lile. Deogratias, akiwa kule kwenye kamera, aliona mpiga picha amesimama mbali, mikono imejaa maua, uso ukamchangamka.

"Afadhali umeshika akili!" akapaza sauti. "Nitamwambia kaka kwamba umekubali yaishe."

Gaudiosa alipanda ngazi hadi kwa Sironga, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akaliacha lianguke, na gauni jeupe likamshuka hadi miguuni.

"Baba mdogo," akasema, bega lake likigusa la mumewe, "mwambie baba kwamba nilitabasamu." Na kidole gumba chake kikabonyeza katikati ya maua.