Mstari wa Nne

Kosa langu ni kukataa kutua Mbeya kwenye ukungu. Nilirudi Dar na abiria wote wazima. Kampuni ikasema ni jeuri, ikanifukuza.

Kwenye kikao cha rufaa, pale Iyunga, Mbeya, nilimngoja Nashoni, rubani msaidizi na mwakilishi wa chama chetu cha marubani. Alikuwa ameniapia kwamba chama hakitaniacha.

Akaingia amevaa sare. Mabegani, mistari mitatu ya dhahabu ilikuwa imefifia. Wa nne, mstari wa kapteni, uling'aa, na uzi wa fundi ulikuwa bado unaning'inia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hongera. Wamekupandisha lini?"

"Juzi." Hakunitazama.

"Haya, chama kinasemaje?" mwenyekiti wa kikao aliuliza.

Nashoni alikohoa, akaanza kuuvuta ule uzi.